Ng'ombe wa Mama Hilda na Jibu Langu Mahakamani

Mkinikuta barazani kwangu hapa Ngamiani, shati limepigwa pasi, mnaniamkia "shikamoo mzee" na mimi naitikia marahaba kwa sauti nene, mnadhani huyu mzee kamaliza salama. Si kweli. Kuna jambo moja nililifanya kazini ambalo hata leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu najikuta nimesema kwa sauti, "Lo, Athumani!" Mke wangu akiuliza kulikoni, namwambia mbu.

Nasikia baadhi yenu mnaingia kwenye kazi ile ile niliyoifanya mimi. Basi kaeni niwaambie, na msinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kuacha.

Mimi nilikuwa msaidizi wa dalali wa mahakama. Si dalali wa kuuzia watu viwanja, hapana. Huyu ni yule anayepewa hati na mahakama mtu akishashindwa kesi ya deni na hataki kulipa. Hukumu ikishasomwa, wengi hudhani kazi imekwisha. Thubutu! Hukumu ni karatasi. Lazima pawe na mtu wa kwenda kupiga hodi, akamate mali, aiandike, aitunze, ainadi, mdai apate chake. Mtu huyo kwa miaka mingi nilikuwa mimi, toka Moa kule mpakani mpaka Ushongo, na milimani Amani.

Aliyenifundisha ni Mzee Mhando, Mbondei mmoja mfupi mwenye hasira za karibu. Siku ya kwanza alinipa daftari, akanipa kalamu mbili. Nikamuuliza, "Mbili za nini, mzee?" Akaniambia, "Moja itakwisha wino mbele ya mdaiwa, akucheke." Alinifundisha kwenda asubuhi, mtu kabla hajatoka. Alinifundisha kuanza na mwenyekiti wa kitongoji, awepo tangu hodi ya kwanza na ashuhudie kila kitu. Alinifundisha visivyoguswa: kitanda na matandiko, nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, zana za fundi anazolia chakula. Sheria imevikinga. Na zaidi ya yote alinifundisha hili: ukiwa unakamata mali na mtu akasema "hiki si cha mdaiwa, ni changu," usibishane naye wala usimwamini. Andika. Andika jina lake na maneno yake kama alivyoyasema. Kupima ukweli ni kazi ya hakimu, yako ni kufikisha.

Tumecheka sana katika kazi ile, nisiwadanganye. Kuna bwana mmoja wa mjini hapa hapa, alisikia tunakuja akaipandisha runinga kitandani, akaifunika shuka, mkewe akalala ubavuni anaugulia, "Uwii, mgongo wangu." Kitanda hakiguswi, wanajua! Tukawa tunaandika makochi. Mwenzangu Chande akaketi kochini bila kuangalia, kumbe kakalia rimoti. Mara taarabu ikalipuka chini ya shuka, mgonjwa akaruka mpaka mlangoni. Tulicheka njia nzima. Yule mama hakucheka, alikuwa amejiziba uso kwa kanga. Siku hizo nilikuwa sioni nyuso za watu, naona mali tu.

Sasa niwaambie kosa lilianzia wapi, maana halikuanza siku moja. Tulikwenda Moa kukamata mashine ya boti. Shemeji ya mdaiwa akasema mashine ni yake. Nikaandika kama nilivyofundishwa. Shemeji akapeleka pingamizi mahakamani, akashinda kwa maandishi yangu mwenyewe, mashine ikarudishwa. Ofisi ikakosa ujira na mafuta ya gari yamekwenda. Bosi wetu, yaani dalali mwenyewe mwenye leseni, akaniita. Mzee Mhando alikuwa ameshastaafu wakati huo, hakuna wa kunitetea. Bosi akasema, "Athumani, wewe unafanya kazi kwangu au kwa wadaiwa?" Mwezi ule alinikata mshahara.

Nikajifunza. Nilijifunza kusikia na kutoandika. Mtu akisema "changu," mimi namjibu, "Kaseme mahakamani," kalamu nimeiweka mfukoni. Na mwenyekiti wa kitongoji tukawa hatuanzi naye tena, tunampitia tukiwa tunarudi, anasaini juu ya boneti ya gari. Kazi ikawa nyepesi kweli kweli. Bosi akaanza kuniita "bwana mkubwa."

Ndivyo nilivyofika kwa Mama Hilda.

Alikuwa anakaa kijiji kimoja juu ya Muheza, njia ya kwendea Amani. Mumewe, Baba Hilda, alikuwa mtu wa karafuu na iliki. Alichukua fedha za mfanyabiashara mmoja ili amletee karafuu wakati wa mavuno, karafuu hazikutosha, fedha ameshazila. Kesi ikaenda, akashindwa. Tulipofika asubuhi ile tulimkuta kakaa kwenye kigogo, hana hata nguvu ya kukimbia. Nyumbani mle hamkuwa na kitu. Viti viwili, redio mbovu, na bandani nyuma ya nyumba ng'ombe wa maziwa, mweusi na mabaka meupe, mnene, anang'aa. Chande akapiga mluzi. "Deni limelipika hilo."

Tunamfungua kamba, mama akatoka jikoni mikono ina unga. Mwanamke mrefu, wa makamo yangu. Hakupiga kelele. Akasema, "Kaka, ng'ombe huyo si wa mume wangu. Wala si wangu bado. Ni wa kikundi."

Nikamuuliza kikundi gani. Akanieleza polepole, kama anavyomweleza mtu anayetaka kuelewa. Walikuwa wanawake wa kijiji pale, Wakristo na Waislamu, wana ng'ombe wao wa zamu. Mtu anapewa mtamba, jike ambaye hajazaa, anamtunza, akizaa anakamua. Ndama jike wa kwanza akizaliwa, anamkabidhi mwenzake anayefuata kwenye foleni. Akishakabidhi ndipo ng'ombe anakuwa wake. Kabla ya hapo haruhusiwi kumuuza wala kumchinja. Pendo, maana ng'ombe huyo aliitwa Pendo, alizaa mara ya kwanza dume. Sasa ana mimba tena. "Anayesubiri ndama ni Mama Zuhura, nyumba ile pale," akasema, akaninyooshea kidole. "Mkimchukua huyu, mmetunyang'anya sote wawili. Tafadhali andika hivyo, kaka."

Alisema "andika." Wallahi alilitamka neno lenyewe. Na mimi nilielewa kila kitu, tena nilimwamini, maana uwongo wa wadaiwa nilikuwa naujua harufu yake na ule haukuwa uwongo.

Nikamwambia, "Kaseme mahakamani, mama." Tukampandisha Pendo kwenye gari. Kwenye orodha nikaandika: ng'ombe jike mmoja, mali ya mdaiwa, hakuna aliyedai.

Tulikuwa na ua wa kuwekea mali pale Muheza, makochi, mapikipiki, mabati. Ng'ombe anayekamuliwa hatukuwahi kuwa naye. Kufika jioni kiwele kimejaa, anahangaika. Chande akajitia fundi, akachuchumaa na ndoo. Teke moja tu, ndoo ikaruka juu ya mabati, Chande akakaa chini anashika goti. Usiku kucha ng'ombe analia. Asubuhi kiwele kimevimba, moto. Tukaangaliana. Ng'ombe akifa mikononi mwetu tunamlipa sisi.

Saa kumi na mbili na nusu Mama Hilda akapiga hodi getini. Alikuwa ameteremka na gari la maziwa, kafikia kwa dada yake hapo hapo Muheza. Hakuniuliza ruhusa. Alimwita ng'ombe jina, akamkanda kiwele kwa maji ya moto aliyokuja nayo kwenye chupa ya chai, akaanza kukamua. Yule mnyama akatulia tuli.

Alipomaliza alinyanyua ndoo. Na mimi, astaghfirullah, nikamwambia, "Maziwa acha hapo, mama. Mali ikishakamatwa na mazao yake yamekamatwa."

Aliniangalia. Akaiweka ndoo chini. Jioni akarudi na mzigo wa majani ya tembo kichwani, akakamua, akaacha. Wiki tatu nzima, asubuhi na jioni, alikuja kumkamua ng'ombe aliyenyang'anywa, ili asiugue, na kila mara aliacha maziwa. Sisi tulikunywa chai ya maziwa mpaka Chande akaanza kuchagua, ati leo yana malai mengi juu. Yaliyobaki tuliuzia mgahawa. Fedha ile haikuandikwa popote.

Mnataka kujua kama nilimwonea haya? Nilimwonea. Nilikuwa nikimsikia getini najifanya natafuta funguo za stoo. Lakini haya za kujificha nyuma ya mabati hazimsaidii mtu, vijana.

Pingamizi lake lilipofika mbele ya hakimu, alikuja na daftari la kikundi. Daftari la shule, limekunjika, lina foleni ya majina: Mama Hilda, kisha Mama Zuhura, kisha wengine. Hakuna muhuri. Mwenyekiti wa kikundi, ambaye ndiye pekee wa kukisemea mahakamani, alikuwa amelazwa. Wakili wa mdai, kijana mwenye tai nyekundu, akasema daftari la namna ile lingeweza kuandikwa jana usiku. Hakimu akaliangalia, akaligeuza, akaona jambo si jepesi. Akaamua kuniita mimi.

Nilishika msahafu nikaapa.

Hakimu akasema, "Shahidi, mahakama inataka jambo moja tu kwako. Siku mnakamata, huyu mama alikuambia lolote kuhusu ng'ombe kuwa si wa mumewe?"

Bosi alikuwa amekaa benchi la nyuma. Mbele yangu orodha yangu, nimeandika kwa mkono wangu hakuna aliyedai. Nikisema alinieleza, nimejikana mwenyewe, ofisi inalipa gharama, kazi hakuna. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Mambo hayo yote yalinipitia kichwani haraka, na msahafu bado nauona pale mezani.

Nikasema, "Hapana, Mheshimiwa."

Mama Hilda alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Hakulia wala hakunitukana. Alisema tu, taratibu, "Kaka?" Karani akamwambia anyamaze mpaka aruhusiwe.

Pingamizi likatupwa. Hakimu alisema, kama kweli ng'ombe angekuwa wa kikundi, mtu wa kawaida angelisema siku ile ile ya kukamatwa, si baadaye. Alisema sawa kabisa kwa alichopewa. Mimi ndiye niliyempa.

Siku ya mnada Pendo alinunuliwa na bwana mmoja wa upande wa Korogwe. Mama Hilda alikuja. Nilidhani kaja kufanya fujo, nikamwambia Chande akae karibu. Alikwenda kwa mnunuzi, akamwambia, "Chuchu ya nyuma kushoto uikamue mwisho, hapendi kuanziwa hapo. Na ana mimba ya miezi sita, usimpandishe gari kwa kumvuta." Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea stendi.

Nilifanya kazi miaka tisa zaidi baada ya hapo. Nisiwaambie nilibadilika siku ile, maana sikubadilika. Nilianza tu kukwepa safari za milimani. Nikipewa hati ya huko najifanya mgongo unaniuma. Mambo yakaja kubadilika yenyewe: hati za kushikilia akaunti za benki, picha za simu, taarifa za kuchapwa. Leo nyinyi mnaweza kumrekodi mtu akisema "si cha mdaiwa," sauti na sura, kwa simu iliyoko mfukoni. Hamna kisingizio hata cha wino. Lakini simu nayo ina kitufe cha kuzimia, nawajua.

Nilipostaafu nikawa sina safari ya kukwepa. Ndipo lilipoanza kunila. Asubuhi moja nilichukua sehemu ya kiinua mgongo changu, fedha ya mtamba na zaidi kidogo, nikaiweka kwenye bahasha. Nikapanda basi mpaka Muheza, halafu bodaboda, na kijana wa bodaboda njia nzima ananiuliza, "Mzee unakwenda kwa nani huko?" Nikamwambia kwa dada yangu. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nilimkuta anachambua iliki uani, nywele nyeupe. Banda la nyuma limegeuzwa stoo ya kuni. Baba Hilda alikuwa ameshafariki. Nilipiga hodi, akainua uso, akanijua papo hapo. Akanipa kigoda. Hata maji akanipa.

Nikasema niliyokuja kuyasema. "Mama Hilda, uliniambia. Nilisikia, nikakuelewa, na mahakamani nilisema uongo." Nikatoa bahasha.

Hakuishika. Akasema, "Kwamba niliyasema, najua. Mimi ndiye niliyeyasema. Hujaniletea habari mpya, mzee."

Akaendelea kuchambua iliki, halafu akaanza kunieleza nisichokijua. Wanawake wa kikundi walisikia hukumu. Wakamuuliza, kama uliyasema mlangoni, mbona mtu wa mahakama kaapa hukuyasema? Ana faida gani kukusingizia, anakujua? Wakaona jambo moja tu: Mama Hilda alinyamaza makusudi, ng'ombe wa watu akalipe deni la mumewe, kisha akaenda mahakamani kuigiza. Wakamfuta kwenye daftari. Mama Zuhura, aliyekuwa anasubiri ndama, aliyekuwa akichota naye maji tangu walipoolewa kijijini pale, akaacha kumwamkia. Nyumba ile pale. Hilda alipoolewa, Mama Zuhura hakuja. Baba Hilda alipozikwa, alituma mtoto.

"Ng'ombe nilishamsahau," akasema. "Wamenifanya mwizi. Wewe fedha yako kaa nayo. Alhamisi wanakutana. Njoo uwaambie."

Vijana, nilitafuta njia ya kukwepa. Nikamwambia naweza kuandika barua, tena igongwe muhuri wa wakili. Akasema, "Uliwahi kuandika."

Alhamisi nilikwenda. Wanawake kama ishirini, kwenye chumba cha darasa la chekechea, wamekaa kwenye viti vidogo vya watoto, na mimi nimesimama mbele karibu na ubao. Mama Hilda alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, maana alikuwa si mwanachama. Mama Zuhura nilioneshwa, mwanamke mnene wa baibui jeusi, kaketi mstari wa mbele.

Nilisema yote. Orodha, msahafu, swali la hakimu, jibu langu. Maziwa pia nilisema. Sauti yangu hii nene ilikuwa inakatika katika, nikawa nafuta uso kwa kofia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: watanilaani au watanisamehe. Nilikuwa na maneno tayari kwa yote mawili.

Kisha Mama Zuhura akainuka. Akapita kati ya vile viti vidogo, vinaanguka na hakuviokota, akaenda mpaka nyuma, akamshika Mama Hilda mkono kwa mikono yake miwili. Analia. "Dada," anasema, "dada yangu."

Mama Hilda akautoa mkono wake.

"Mimi nilikuambia," akasema. "Siku ile ile waliyomchukua nilikuja mlangoni kwako nikakuambia, kabla ya mahakama, kabla ya mtu yeyote. Ukaniamini. Tukalia wote. Halafu huyu akasema neno moja, mtu usiyemjua hata jina, ukamwamini yeye."

Akajitanda kanga yake, akatoka. Mama Zuhura akabaki ameshika mlango, hajui amfuate au asimfuate. Wanawake wote wamegeuka wanaangalia nje, njia aliyoishika, na mimi bado nimesimama mbele na bahasha yangu, wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa ananiangalia.